Kutoonekana si hoja

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi, wazazi na viongozi wa dini. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.)

Asalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na kama yupo ambaye salamu yake haimo humo, habari za jioni ndugu yangu, karibu mbele, maana mada ya leo inakuhusu kuliko unavyodhani.

Nianze na kisa mnachokijua nyote. Kila baada ya miezi kinarudi kwenye makundi ya WhatsApp, kimebadilishwa jina la chuo tu. Profesa asiyeamini anasimama mbele ya darasa, anauliza: nani amewahi kumwona Mungu? Kumsikia? Kumgusa? Darasa kimya. Basi, anasema, Mungu hayupo. Kijana mmoja ananyoosha mkono: Profesa, kuna yeyote humu aliyewahi kuuona ubongo wako? Kuugusa? Kuunusa? Darasa linaangua kicheko, profesa anakaa chini kwa aibu, na mwisho wa ujumbe unaambiwa kijana yule alikuwa Albert Einstein. Sambaza kwa watu kumi.

Einstein hakuhusika. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba nawaomba, hasa ninyi mnaoamini, mwache kukitumia kisa hiki. Ubongo wa profesa unaonekana. Mpeleke kwenye kipimo cha MRI utauona, mkunjo kwa mkunjo. Mbandike vidude vya EEG kichwani, utaona umeme wake ukichora mawimbi kwenye karatasi, na akifumba macho mawimbi yanabadilika. Profesa angekuwa na akili tulivu kidogo siku ile, angemjibu kijana kwa sentensi moja, na darasa lingemcheka kijana.

Lakini kuna kasoro mbaya zaidi. "Hakionekani, lakini kipo" ni mlango usio na bawabu. Ukiufungua ili aingie Mungu, nani utamzuia? Linaingia jini. Anaingia popobawa. Inaingia chuma ulete. Anaingia na yule tapeli anayekuuzia maji ya kuvuta bahati kwa shilingi laki moja, maana na nguvu za maji yake hazionekani. Kama kutoonekana ni ushahidi, basi kila kitu kina ushahidi! Na kama kutoonekana ni pingamizi, basi hata hewa mnayovuta humu ukumbini haipo.

Kutoonekana si hoja. Si ya kukubali, si ya kukataa. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa mniulize: je, hao wanasayansi wanaosema kuna elektroni, kuna virusi, kuna mionzi, wao wamepataje kujua? Wameamini tu kama sisi? Hapana. Twendeni Ufaransa, mwaka 1648.

Zamani zile watu waliokuwa na elimu walifundishwa kwamba hewa haina uzito, na kwamba maumbile yanachukia utupu. Ukinyonya maji kwa mrija, walisema, maji yanapanda kwa sababu maumbile hayakubali kuacha nafasi tupu. Tatizo lilikuwa kwa mafundi wa pampu. Walijua kwamba pampu ya kuvuta, hata uitengeneze kwa ufundi gani, haivuti maji kupita kina cha mita 10 hivi. Fundi yeyote wa visima hapa anajua mpaka leo: pampu ya kuvuta ukiiweka juu ya kisima cha mita 15 utaunguza mota bure, na kiutendaji mita 7 au 8 ndiyo mwisho. Ndiyo maana tunazamisha pampu chini, isukume. Sasa, maumbile yanachukia utupu mpaka mita 10 halafu yanaacha kuuchukia? Chuki gani hiyo yenye futi kamba?

Mwaka 1644 Mtaliano Evangelista Torricelli alieleza jaribio la zebaki. Chukua bomba la kioo la karibu mita moja, lililozibwa upande mmoja. Lijaze zebaki mpaka juu. Ziba kwa kidole, lipindue ndani ya bakuli la zebaki, kisha toa kidole. Zebaki inashuka kidogo, halafu inasimama, sentimita 76 hivi kama uko karibu na bahari. Nini kinaizuia isimwagike? Torricelli alisema ni hewa ya nje, inayoikandamiza zebaki ya bakulini kwa uzito wake. Wengine walisema hapana, ni ule utupu wa juu unaivuta. Macho hayawezi kuamua. Wote wawili wanaangalia bomba lile lile.

Hapo ndipo anaingia Blaise Pascal, kijana wa miaka ishirini na kitu, mgonjwa mgonjwa. Alijiuliza swali ambalo nataka kila mwanafunzi humu alikariri: kama ninachosema ni kweli, ni nini kingine lazima kitokee? Kama zebaki inashikiliwa na uzito wa hewa, basi ukipanda mlima, hewa iliyo juu yako inapungua, mzigo unapungua, na zebaki lazima ishuke. Na kama ni utupu unaovuta, mlima utauhusu nini?

Yeye alikuwa Paris, mlima uko Clermont, kwao. Akamwandikia shemeji yake, Florin Périer, mwezi Novemba 1647. Shemeji akakaa karibu mwaka mzima akisubiri hali nzuri ya hewa na nafasi ya kazi. Tarehe 19 Septemba 1648, saa mbili asubuhi, akakutana na mapadri na wenyeji kadhaa kwenye bustani ya watawa, chini ya mlima Puy de Dôme. Alikuwa na karibu kilo 8 za zebaki aliyoisafisha siku tatu mfululizo, maana zebaki chafu inaacha mapovu kwenye kioo na kipimo kinadanganya. Alikuwa na mabomba mawili yanayofanana.

Kwa nini mawili? Sikilizeni hapa, maana uzito wote wa kisa uko hapa. Alipima yote mawili pale bustanini, yakalingana: kwa vipimo vyetu, takribani sentimita 71.2. Kisha bomba moja akaliacha pale pale, akamwomba mtawa mmoja alikodolee macho kutwa nzima. La pili akapanda nalo, karibu mita elfu moja juu. Kileleni zebaki ilisimama kwenye sentimita 62.7. Imeshuka sentimita 8.5. Hakuridhika. Akarudia mara tano, sehemu tofauti za kilele: ndani ya kikanisa kidogo kilichokuwapo, nje, penye upepo, penye ukungu. Jibu lile lile. Akashuka, akapima katikati ya mlima: karibu 68, baina ya juu na chini, kama inavyopasa. Alipofika bustanini alimuuliza mtawa: la kwako limefanyaje? Halijasogea tangu asubuhi.

Bila bomba la mtawa, mtu angesema: labda siku ile hali ya hewa ilibadilika kila mahali. Bila kurudia mara tano, mtu angesema: labda bomba lilivuja. Bila kipimo cha katikati, mtu angesema: labda ni maajabu ya kilele. Kila mlango wa kutokea ulifungwa kabla mpinzani hajaufikia. Na kesho yake Périer alipanda mnara wa kanisa kubwa la mjini, akaona zebaki ikishuka kidogo tu, milimita chache, sawasawa na kimo cha mnara.

Mkienda kupimwa presha, daktari akiandika 120 kwa 80, anaandika milimita za zebaki. Ni bomba la Torricelli hilo, limo kwenye cheti chako cha kliniki.

Kwa hiyo kitu kisichoonekana hakikubaliwi kwa sababu hakionekani. Kinakubaliwa kwa sababu kinaacha alama, na alama hiyo ilitabiriwa kabla, na kulikuwa na njia ya wazi ya kushindwa. Kama zebaki ingekataa kushuka, Pascal angeshindwa mchana kweupe, mbele ya mapadri. Wangapi kati yetu tunakubali madai yetu yapande mlima huo?

Maana binadamu anajidanganya, tena mwenye elimu anajidanganya kwa ustadi zaidi. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, kule Würzburg, Ujerumani, aligundua mionzi ya eksirei. Miaka minane baadaye, 1903, René Blondlot wa chuo kikuu cha Nancy, Ufaransa, akatangaza mionzi mingine, akaiita mionzi N, kwa heshima ya mji wake. Hakuwa mbabaishaji. Alikuwa mpimaji hodari, aliyewahi kupima mwendo wa mawimbi ya redio. Alisema mionzi hii ikipiga cheche ndogo au rangi inayong'aa gizani, mng'ao unaongezeka kidogo. Kidogo kiasi gani? Kiasi ambacho lazima ukae gizani muda mrefu, uangalie kwa pembe ya jicho, usikaze macho. Wanasayansi wengi Ufaransa wakaiona. Wakasema inatoka kwenye misuli, inatoka kwenye ubongo, mtu akifikiri inaongezeka. Wajerumani na Waingereza walijaribu, hawakuona kitu.

Mwaka 1904 Mmarekani Robert Wood akafunga safari hadi Nancy. Wakamwingiza kwenye chumba cha giza. Katikati ya mtambo kulikuwa na prizimu ya alumini iliyopinda mionzi, na Blondlot alikuwa anasoma vipimo kwa sauti, kwa sehemu ndogo za milimita. Gizani mle mle, Wood akanyoosha mkono kimya kimya, akaichomoa prizimu. Blondlot akaendelea kusoma. Namba zile zile.

Mtambo umevunjwa moyo wake, na mpimaji bado anaona! Wood akaandika habari hiyo kwenye jarida la Nature mwezi Septemba mwaka ule, na mionzi N ikafa. Tofauti na Röntgen ni ipi? Röntgen alikuwa na bamba la picha. Aliweka mkono wa mkewe, mifupa na pete vikatokea. Bamba la picha halina matumaini, halina mwajiri, halina uzalendo. Jicho la mtu aliyechoka gizani linavyo vyote vitatu.

Hapa kwetu, Morogoro, kuna wanyama wanaotufundisha somo hilo kila siku. Panya buku wa shirika la APOPO, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, wanafundishwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Harufu hiyo sisi hatuisikii. Sampuli zinapashwa moto kwanza kuua vimelea, zinapangwa kwa safu chini ya matundu, panya anapita. Akisimamisha pua juu ya tundu kama sekunde tatu, amesema ipo. Sasa, utajuaje kwamba hasemi ipo ili apewe ndizi? Kwenye safu wanachanganya sampuli ambazo maabara imeshathibitisha kuwa zina ugonjwa. Panya akiziruka hizo, wanajua leo pua yake si ya kuaminiwa. Na zile alizozionesha mpya hazipewi dawa kwa neno la panya. Zinarudishwa kwenye hadubini. Panya anakaguliwa kuliko manabii wengi wa mjini, na wala hajalalamika kwamba tunamkosea imani.

Mmecheka. Basi nishike pale panapouma.

Mwaka 2011, wakubwa mnakumbuka, kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu, Ambilikile Mwasapile, Babu, alisema Mungu amemwonesha ndotoni mti wa mugariga, na kwamba kikombe kimoja cha maji ya mizizi yake kinaponya UKIMWI, kisukari na maradhi mengine sugu. Shilingi 500 kwa kikombe. Watu walitoka Tanzania nzima, Kenya na nchi nyingine. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi porini, na wapo wagonjwa mahututi waliofia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Marehemu amelala, na sina nia ya kumdhihaki. Bei yake haikuwa ya tapeli.

Lakini tazameni madai yenyewe, yana vipande viwili. Cha kwanza: Mungu alisema nami ndotoni. Hicho hakuna maabara itakayokipima. Cha pili: virusi vitatoka mwilini mwako. Hicho kinapimika Jumatatu asubuhi kwa mililita chache za damu! Kosa letu lilikuwa kuviacha vipande viwili vibebane, utakatifu wa kile cha kwanza ukawa ngao ya kile cha pili.

Na hapa nataka wazazi mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili linaua mpaka leo, kwa majina mengine: maji, mafuta, udongo, maombi ya simu. Kuna vipimo viwili watu wanavichanganya. Kipimo cha haraka, kile cha kutoboa kidole, hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza dhidi ya virusi. Askari hao wanabaki hata virusi vikiwa vimefubazwa kabisa. Kipimo cha pili ni cha wingi wa virusi. Hiki kinahesabu nakala za virusi kwenye mililita moja ya damu, na zikiwa chini ya 50, majibu yanaandikwa kwamba havigunduliki.

Mnaona neno lilivyo hatari? Havigunduliki. Mtu anameza ARV zake kila siku miaka miwili, anaenda kwenye maombi au kwenye kikombe, anarudi kupima, anaambiwa virusi havigunduliki. Anasimama kanisani anatoa ushuhuda. Hadanganyi! Karatasi anayo mkononi. Ila dawa ndizo zilizofanya kazi, na virusi vipo, vimejificha ndani ya chembe za kinga zilizolala, mahali ambapo kipimo cha damu hakifiki. Akiacha dawa, kwa watu walio wengi vinarudi ndani ya wiki chache tu. Mwanzoni hajisikii chochote, na hilo ndilo linalomponza. Anazidi kuamini amepona, mpaka kinga imeporomoka.

Kutogundulika si kutokuwepo. Kutoonekana si hoja. Mwenye nia ya kujua kama kikombe kinaponya angepima wingi wa virusi kabla, angepima tena baada, angeandika nani anatumia dawa na nani hatumii, na angewalinganisha na wenzao ambao hawakunywa. Yaani angeacha bomba la pili kwa mtawa. Basi mkiambiwa mmeponywa, nendeni mkapime, na dawa msiziache mpaka daktari aseme. Aliyeponywa na Mungu hawezi kuogopa kipimo. Naye aliyepona hawezi kuugua tena kwa sababu amepimwa.

Sasa vijana wangu mliokaa upande ule mnatabasamu, mnasema: basi tumalize, kila kitu kipelekwe maabara, na Mungu pia. Mmeharakisha. Wapo waliojaribu.

Daktari mmoja wa Haverhill, Massachusetts, Marekani, jina lake Duncan MacDougall, aliamua kupima uzito wa roho. Mwaka 1901 alianza kuweka kitanda juu ya mizani, na juu ya kitanda mgonjwa aliye kwenye kukata roho. Alipendelea wa kifua kikuu, kwa sababu wanakufa kwa udhaifu bila kujirusha, mizani haitikisiki. Mwaka 1907 akatangaza. Mgonjwa wa kwanza, alisema, alipungua ghafla robo tatu ya aunsi alipokata roho. Hizo ndizo gramu 21 mnazozisikia hadi leo mitandaoni: roho ina gramu 21.

Gramu 21 ni za mtu mmoja. Wagonjwa walikuwa sita. Wawili akawafuta mwenyewe kwa sababu vipimo viliharibika, mmoja wao alifariki mizani haijakaa sawa. Waliobaki hawakukubaliana: huyu anapungua, kisha anapungua tena baadaye, yule anapungua na uzito unarudi. Na mizani yenyewe ilikuwa na uhakika wa gramu 5 hivi. Tena katika vitanda vile, nani atajua kwa hakika dakika aliyokufa mtu? Akapima na mbwa 15, hawakupungua, akaona ni sawa, mbwa hawana roho. Daktari mwenzake, Augustus Clarke, akamwambia: mapafu yakisimama, damu haipozwi tena, joto linapanda, jasho linatoka na kukauka. Mbwa hatoi jasho kwenye ngozi kama mtu, anapoa kwa kuhema. Umepima jasho, daktari.

Mimi naongeza: na kama angepata gramu 21 kwa watu elfu, angekuwa amepata nini? Kitu chenye uzito. Kitu ambacho ungeweza kukiweka kwenye mizani ya Kariakoo kando ya nyanya. Hivyo ndivyo vitabu vyenu vinavyosema juu ya roho? Mwamini anayeshangilia gramu 21 ameishusha roho ikawa bidhaa, halafu anafurahi kwamba bidhaa imepatikana.

Jaribio la pili lilifanywa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Majibu yake yalitoka mwaka 2006, Marekani, hospitali sita, wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa mishipa ya moyo. Waligawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu. Makundi mawili yaliambiwa: huenda mtaombewa, huenda la. Kundi moja kati ya hayo liliombewa, jingine halikuombewa. La tatu waliambiwa wazi: mnaombewa. Waombaji walikuwa vikundi vya Wakristo, waliomba siku 14 wakitaja jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya ukoo. Matokeo? Walioombewa bila kujua, asilimia 52 walipata matatizo baada ya upasuaji. Wasioombewa, asilimia 51. Hakuna tofauti. Na walioambiwa kwa hakika wanaombewa, asilimia 59! Watafiti walisema huenda ni bahati tu, huenda ni hofu: hali yangu mbaya kiasi gani mpaka wameita waombaji?

Wasioamini waliruka juu. Sala imeshindwa. Polepole. Mabomba yako wapi? Kundi la "wasioombewa" lilikuwa na mama zao, wake zao, misikiti na makanisa yao, na hakuna aliyewazuia hao kusali. Bomba la mtawa lilikuwa linavuja tangu asubuhi. Na kuna jambo la ndani zaidi. Jaribio la dawa linafaa kwa sababu panadoli haijui kwamba imo kwenye jaribio. Panadoli haina hiari, haichagui mgonjwa. Mungu anayehubiriwa misikitini na makanisani ana mapenzi yake, na tangu Kumbukumbu la Torati ameandikiwa "msimjaribu". Kumpima kama panadoli ni kumpima mwingine, siyo yeye. Ila tuwe waungwana: kama mhubiri ndiye aliyedai kwamba sala fulani, kwa siku fulani, inaponya moyo kwa hakika, basi mhubiri huyo jaribio limemjibu. Hawezi kudai kama mwuza dawa halafu akapimwa akakimbilia siri za Mungu.

Kwa hiyo imani imebaki wapi? Wapo wanaosema kila sayansi inaposonga, Mungu anarudi nyuma hatua moja. Angalieni watu wawili. Abdus Salam, Mwislamu wa Pakistani, na Steven Weinberg, Mmarekani wa familia ya Kiyahudi, ambaye alisema hadharani maisha yake yote kwamba haamini Mungu. Kila mmoja kwa njia yake alifikia nadharia ile ile: kwamba nguvu ya sumaku na umeme, na nguvu dhaifu iliyomo ndani ya kiini cha atomu, ni nguvu moja. Nadharia ilidai kuwepo kwa chembe nzito ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Pamoja na Sheldon Glashow walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979, na chembe zenyewe, W na Z, zikanaswa kwenye maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mwaka 1983. Z ina uzito wa protoni 97 hivi na inasambaratika kabla hata neno "sekunde" halijawa na maana. Iliyoonekana ni michirizi ya vipande vyake tu.

Kwenye dhifa ya Nobel, Salam alisoma aya za Surat al-Mulk, zile za kukuambia utazame uumbaji wa Mwingi wa Rehema, urudishe jicho tena na tena, hutaona kasoro. Weinberg alikuwa na milinganyo ile ile, ushahidi ule ule, tuzo ile ile, na hakuona huko nyuma yake yeyote wa kusifiwa. Ni yupi aliyekosea hesabu? Hakuna. Kama Mungu angekuwa chembe ya ziada kwenye orodha, hesabu ingewaumbua mmoja wao. Hakuwamo kwenye orodha. Walichotofautiana ni kwa nini kuna orodha yoyote, na kama kuna wa kumshukuru kwa ajili yake. Hilo si swali la kijinga. Lakini huliamui kwa kusema "hata upepo hauonekani". Upepo tumeupima. Tangu 1648 tuna uzito wake.

Waraka kwa Waebrania unaita imani "bayana ya mambo yasiyoonekana", na Qurani inawataja mwanzoni kabisa wale wanaoamini ya ghaibu. Virusi si ghaibu. Elektroni si ghaibu. Hivyo ni vitu vidogo tu. Ghaibu ni neno lenye heshima yake, tusilifanye stoo ya kila tulichokosa hadubini ya kukitazamia.

Na turudi kwa Pascal, maana sijamaliza naye. Miaka sita baada ya mlima, usiku wa Novemba 23, 1654, lilimpata jambo ambalo hakumweleza mtu. Alifariki mwaka 1662, na siku chache baadaye mtumishi akagusa kitu kigumu kwenye bitana ya koti lake. Kumefumuliwa, kumekutwa karatasi iliyokunjwa. Kwa miaka minane, kila aliponunua koti jipya, alikuwa akiifumua na kuishona tena. Iko Paris mpaka leo, kwenye Maktaba ya Taifa.

Huyu ni mtu ambaye jaribio lake lilipima kushuka kwa zebaki hadi nusu ya sehemu ya kumi na mbili ya inchi. Tungetarajia uthibitisho. Humo hamna uthibitisho, na hewa haikutajwa, wala utupu, wala mlima. Anamtaja Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo, na anasema waziwazi: si wa wanafalsafa na wanazuoni. Kilichobaki na tabia ya mpimaji ni mwanzo tu. Ameandika mwaka, siku, tarehe. Ameandika na muda: tangu kama saa nne na nusu usiku hadi kama saa sita na nusu. Kisha, kwenye mstari wa peke yake, neno moja.

Moto.

Asanteni kwa kunivumilia. Kipaza sauti kianzie upande wa akina mama, wana maswali tangu habari ya vipimo.